Kadudu Kifuani mwa Mama Mvalishaji

Alikuwa na saa kifuani, na hakupenda kuulizwa saa.

Mgeni akikutana naye njiani Jumapili, akaona kile kitu kinavyong'aa juu ya kitenge chake, akamwuliza kwa adabu, mama, ni saa ngapi, yeye aliinua uso, akalitafuta jua, akakadiria, akajibu. Kifuani hakutazama. Mgeni akicheka na kumwonyesha kwa kidole, jibu lilikuwa lile lile kwa miaka yote niliyomjua: “Hii ni ya kuvaa, haiko ya kuuliza.”

Tulimwita Mama Mvalishaji kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yake hapa Kolwezi, kuvalisha maharusi. Alikodisha magauni meupe, shela, na viatu virefu ambavyo wasichana waliviwekea pamba mbele ili visiwavuke. Mimi nilipanga chumba cha nyuma katika kipango chake, yaani uani kwake, nikaondoka, nikarudi, nikaondoka tena. Niliacha shule mapema na tangu hapo sijajua kukaa. Nimekuwa konvoyeri wa malori, yule anayelala juu ya mzigo ili usiibiwe. Nimebeba magunia ya unga Lubudi, nimeuza chumvi na sabuni Dilolo, nimefagia depo za madini Fungurume. Kila niliporudi yeye alikuwa palepale, na ile saa ilikuwa palepale, na salamu yake ilikuwa moja: “Papa wa barabara, unachoka?”

Sikuwahi kupata sababu ya kujibu hapana.

Saa yenyewe ilikuwa mdudu. Mbawakawa, ukubwa wa mbegu ya avoka ndogo, mwili wa rangi ya dhahabu, mabawa ya buluu nzito yenye ugumu na mng'ao wa rangi ya zile sahani za zamani za bati, na kando ya mabawa mstari wa vijiwe vyeupe. Macho yalikuwa vijiwe vyekundu. Kijiwe kimoja cha mgongoni kilipotea zamani, naye alikuwa amekijazia ushanga uliotoka kwenye gauni fulani. Ukibonyeza mkiani, mabawa yalifunguka ghafla kama mdudu anayetaka kuruka, na chini yake ukaona uso wa saa, mdogo kuliko kifungo cha koti, wenye mishale miembamba kama miguu ya mbu. Mtaa mzima ulimwita Kadudu, na wakimtaja walimtaja kama mtu.

Kadudu alining'inia kichwa chini. Mara ya kwanza nilimwambia mama kwamba amemtundika vibaya, nikijiona nina macho makali. Alinishika mkono, akanisogeza nyuma yake, akaniinamisha juu ya bega lake nitazame chini kutoka pale alipotazama yeye. Kutoka huko Kadudu alikuwa amesimama sawasawa. Aliyemtengeneza alitaka mwenye kumvaa amwone sawa, na wengine wote wamwone amepinduka.

“Unaona?” alisema. “Ni batu njo banaangaliaka vibaya.”

Juu ya alikotoka Kadudu mama alikuwa na hadithi nyingi, na hakuona haya kuzibadilisha. Kwa watu wa parokia alisema alipewa na mtawa mzee aliyekuwa anarudi Ulaya. Kwa wapangaji wengine alisema alimkuta katika mfuko wa koti, ndani ya robota la nguo za mitumba. Mimi, siku niliyomchosha kwa maswali, aliniambia kwamba Kadudu alitoka tumboni mwa samaki wa Lualaba, na kwamba samaki mwenyewe alikuwa mtamu. Nilipocheka alikasirika kidogo. Alisema napenda sana kujua, na ningekaa shuleni ningepata mahali pa kuweka maswali yangu badala ya kuyaleta jikoni kwake.

Kwa hiyo niliyapeleka kwingine. Dilolo nilimwona mama mmoja aliyevuka kutoka Angola kuuza vitambaa. Shingoni alikuwa na kimpira cha kijani kwenye mnyororo, na ukikigeuza kimpira, chini yake kulikuwa na saa. Aliniambia ni mali ya bibi ya bibi yake na kwamba haijatembea tangu yeye azaliwe, lakini hajawahi kwenda misa bila kuivaa. Baadaye, kwa muuza vitabu vya mitumba, nikapata gazeti la Kifaransa lisilo na jalada, na ndani yake picha: saa zenye umbo la gitaa, la ua ambalo bado halijachanua, la tunda, la pete, zote zimepambwa vijiwe, zilizotengenezwa Ulaya zamani kwa ajili ya wanawake wa nyumba kubwa. Kifaransa changu ni cha barabarani, lakini nilielewa kwamba hakuna aliyezisifu kwa kushika majira. Zilikuwa vito. Saa ilifichwa ndani kama mzaha kati ya fundi na mwenye kuvaa.

Katika picha moja kulikuwa na mbawakawa wa kijani. Nilikata ule ukurasa, nikaulaza ndani ya shati, nikasafiri nao juu ya magunia mpaka Kolwezi. Mama aliutazama muda mrefu, akiusogeza mbali na kuurudisha karibu.

“Kumbe ana ndugu,” alisema. Kisha akaongeza, “Huyu ndugu yake ananenepa.”

Ukurasa aliubandika kando ya kioo cha maharusi, ukakaa hapo mpaka jua likaufuta.

Alikuwa mchoyo, lazima niseme. Magauni aliyakodisha kwa masharti kama ya serikali. Pindo likipasuka, ulilipa. Doa la soda, ulilipa. Alikuwa na mbinu yake juu ya vumbi jekundu la huku, ambalo halitoki kwa sabuni yoyote. Hakupigana nalo. Upande wa ndani wa kila pindo alishona utepe mpana wa rangi ya udongo, hivyo gauni lilipoburutwa kwenye njia zetu, vumbi lilikuta ndugu yake na halikuonekana. Bibi arusi alikwenda mweupe juu na mwekundu chini, na hakuna aliyejua ila sisi tuliokuwa tunafua. Lakini huyu huyu aliyekutoza kwa doa la soda alimtoa Kadudu bure. Hakuna bibi arusi wa mtaa wetu aliyelipa kumvaa Kadudu. Sharti lilikuwa moja tu. Yeye mwenyewe ndiye aliyembandika, yeye mwenyewe ndiye aliyefungua mabawa mbele ya wageni ili watu wapige vigelegele, na yeye mwenyewe ndiye aliyembandua. Mkono mwingine haukumgusa.

Kwa sababu hiyo alialikwa katika kila harusi. Alikaa karibu na bibi arusi, akala sahani yake, akala na nyingine, akakosoa fanfari kwamba tarumbeta zinapigwa na watu wenye njaa. Maharusi wote wa huku huchelewa. Komini, ofisi ya serikali ya kuandikisha ndoa, inangoja, padri anangoja, sala, yaani ukumbi wa sherehe, imelipiwa na inangoja. Ndugu wa bwana walipokuja kugonga mlango kwa hasira wakionyesha saa zao za mkononi, mama alitoka akasimama kizingitini na kusema bibi arusi haulizwi saa, anangojewa. Mara nyingi nimefikiri kwamba hii ndiyo ilikuwa dini yake halisi, zaidi ya ile ya Jumapili.

Ya Jumapili aliishika pia. Alikuwa Mkatoliki wa safu ya mbele. Mchungaji mmoja wa kanisa la uamsho lililokuwa jirani alianza kuwahubiria wasichana kwamba mdudu anayelia tik-tik juu ya moyo wa mtu si wa Mungu. Alikuja hadi kipangoni na Biblia yake, akataka Kadudu achomwe. Mama alimpa kiti, akampa munkoyo, kile kinywaji cha unga na mizizi, katika kikombe kizuri, akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamwambia kwa upole kwamba Mungu aliumba wadudu kabla ya kuumba wachungaji, na akaona ni vyema. Yule mtu alimaliza kikombe chake. Mwaka uliofuata binti yake aliolewa, na Kadudu alikuwa kifuani.

Kila asubuhi kabla ya kuwasha mbabula, jiko lake la makaa, alimtia Kadudu ufunguo. Hakuirekebisha mishale. Saa ilikimbia au ilichelewa jinsi ilivyotaka, alichotaka yeye ni kuisikia ikitembea. Mtaa wetu una mashimo. Watu walichimba madini ndani ya uwanja wao, kisha chini ya vyumba vyao, kisha, kwa kuwa jiwe halijui mpaka wa kipango, chini ya vyumba vya wengine. Mama alikataa katakata. Wapangaji waliomwomba wachimbe hata pembeni ya choo aliwaambia wakachimbe kwao. Lakini chini hakuwa na mlango wa kufunga. Mchana ulipotulia tulisikia watu wanagonga jiwe chini ya sakafu, taratibu, kama jirani anayepiga hodi kutoka upande usiofaa. Hapo mama alichukua mchi na kugonga sakafu kwa nguvu.

“Niko muzima huku juu,” aliwaambia. “Mupite pembeni.”

Kugonga kulikoma, kukaanza tena mbali kidogo. Yeye alirudi kwenye sindano yake. Nilimwuliza kama haogopi. Akasema amechoka kuogopa, sasa anawajulisha tu.

Lililombadilisha lilitokea Fungurume, naye hakuwapo.

Kulikuwa na msichana wa mtaa wetu, mtoto wa fundi matofali, mpole, aliyezoea kucheka huku amefunika mdomo. Aliposwa na kijana wa Fungurume, na sherehe ikawa huko. Wiki ile mama alikuwa na malaria, miguu imevimba, hawezi kupanda gari. Mimi nilikuwa nyumbani. Nilimsikia msichana akisema ataolewa bila Kadudu, hakuna neno, na sauti yake ikisema kinyume. Mama alikaa kitandani akamtazama. Kisha akavunja sharti lake. Alimbandika Kadudu asubuhi hapo Kolwezi, juu ya gauni, akamwambia asimguse, asimfungue, na kesho yake amrudishe kama alivyo.

Walivyotusimulia baadaye, katika sherehe kaka wa bwana arusi, mnunuzi wa madini mwenye depo, alikuwa na mashine yake. Ni kama bastola. Unaielekeza kwenye jiwe, nayo inakuambia teneri, yaani kiasi cha shaba na kobalti kilichomo. Ni ghali, kwa hiyo wenye nayo hawaiachi depo, hutembea nayo hata harusini. Wamekwisha kunywa, mtu akatania kwamba tupime dhahabu ya shemeji. Huku kwetu mtu hawezi kuona kitu kinachong'aa bila kutaka kujua teneri yake. Yule kaka akaelekeza bastola kifuani kwa bibi arusi, watu wakacheka, naye msichana akicheka amefunika mdomo. Mashine ikajibu. Shaba. Kobalti kidogo. Dhahabu, kiasi cha kusema hakuna.

Kicheko kiliisha. Kadudu wa Kolwezi alikuwa dhahabu, hilo lilijulikana mpaka Lubudi. Basi kama huyu ni shaba, yule wa dhahabu yuko wapi? Na ni nani aliyekaa naye tangu asubuhi, peke yake, bila mama, kwa mara ya kwanza tangu watu wajue kuoa? Kabla sahani hazijaondolewa mezani, bibi arusi alikuwa amekwisha kuwa mwizi aliyeuza kitu cha watu na kubandika cha bandia.

Jumapili walikuja kipangoni kwetu: mama wa bwana, yule kaka na bastola yake, wazee wawili wa ukoo, na msichana. Bwana arusi alibaki garini. Msichana alikuwa na gauni la kawaida na sanduku lake dogo. Hapo ndipo nilipoelewa. Wamekuja kumwacha.

Mama mkwe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka kama sisi wote, na mwenye aibu. Alifungua kitambaa, akamlaza Kadudu juu ya meza ya kushonea.

“Mama, hatukukuya na matata,” alisema. “Angalia tu. Huyu njo Kadudu wako, ao haiko yeye?”

“Njo yeye.”

“Muangalie muzuri, mama.”

“Nilimuangalia.”

Yule kaka akasema, bila dharau, kwamba mashine haidanganyi, hii ni shaba, na ile kobalti iko katika rangi ya buluu. Mama mkwe akasema kila mtu anajua Kadudu ni dhahabu, na kwamba wanaheshimu huruma ya mama, lakini huruma isiwafanye wamchukue mwizi nyumbani. Msichana alikuwa anatazama sanduku lake. Baba yake, fundi matofali, alikuwa amesimama nje ya ukuta, hakuthubutu kuingia.

Chini ya sakafu mtu aligonga jiwe, akagonga tena, na safari hii mama hakuchukua mchi. Mimi niliona kilichokuwa mezani. Akinyamaza, msichana anarudishwa, na jina la mwizi haliondoki kwa mtu wa mtaa wetu, litamfuata hata kaburini. Akisema zaidi, maharusi hawatamjia tena. Nani atapanda gari lenye maua na shaba kifuani, katika mji ambao shaba inabebwa kwa magunia?

Alimgeuza Kadudu tumbo juu. Akamwita yule kaka kwa kidole.

“Wewe unajua shaba. Kuya uone huku.”

Chini ya mkia, pale pa kubonyezea, dhahabu ilikuwa imekwisha. Kulikuwa na bonde dogo, jekundu, laini, lililolika kama kizingiti cha mlango wa zamani. Mama aliweka kidole gumba chake hapo. Kilijaa bila nafasi. Akamshika msichana mkono, akaweka kidole chake yeye. Kilipwaya.

“Huyu mutoto alikala na Kadudu siku moja,” alisema mama. “Hii tundu, siku moja haitoboake. Ni kidole yangu. Kadudu ni shaba. Alikuwaka shaba tangu zamani. Zahabu ilikuwa sawa pudre ku uso. Mi nilijua.”

Mama mkwe alimtazama. “Ulijua, na uliacha batu banasema zahabu?”

“Niliacha.”

“Juu ya nini, mama?”

“Juu ukimuvalisha mutu zahabu, anasimama sawa mutu wa zahabu. Nilibaona. Bote balisimama muzuri.”

Halafu yule kaka, ambaye nadhani alijua kwamba bastola yake ndiyo iliyoleta haya, akasema kwamba hata hivyo teneri si mbaya, ku depo angemnunua. Mzee mmoja akacheka, kisha na mama mkwe. Mama Mvalishaji hakucheka. Alimfunga Kadudu katika kitambaa, akasema basi Kadudu amerudi kwao, kwenye nchi ya shaba.

Msichana alibeba sanduku lake tena hadi garini. Langoni aligeuka, akatazama nyuma, akapanda. Hakurudi kushukuru, si mwezi ule wala mwaka ule. Nilimlaumu, nikasema hivyo mbele ya mama. Akaniambia mtu aliyeokolewa mbele ya watu huwa na haya kurudi mahali pale, na kwamba hakumtoa aibuni ili arudi.

Maharusi walipungua kama nilivyodhani. Hawakumtukana. Walimsalimu, wakapita, wakaenda katika maduka yenye seti zinazotoka Dubai, zinazong'aa mpaka macho yanauma. Magauni aliyakata moja baada ya jingine akayafanya nguo za komunyo ya kwanza, na yale mapindo yenye utepe wa udongo yakawa matambara ya kushikia sufuria. Sharti nalo liliisha. Kadudu alivaliwa kila siku, hata wakati wa kusonga bukari, mabawa yakapata masizi, na mtoto yeyote aliyetaka kumgusa alimgusa. Nilimwuliza kama anajuta. Ilikuwa saa ya kuanua nguo.

“Kuficha kidole kunachokesha kupita kufua,” alisema. “Shika hii shuka.”

Nikaenda zangu. Nimekaa mbali muda mrefu safari hii.

Mwaka huu, mvua zikiwa karibu, nilikuwa juu ya lori la saruji la kwenda Dilolo. Asubuhi tulisimama Fungurume, pale ambapo wanawake wanauzia madereva chakula. Mmoja alikuwa anakata chikanda, ile keki nyeusi ya mizizi na karanga, na alipocheka na mteja alifunika mdomo. Alinitambua kabla sijamsalimu. Hakuuliza habari. Alikata kipande kikubwa, akakifunga kwa karatasi, akasema tu nimpelekee. Hakusema nani. Nyuma yake mwanaume alikuwa anaziba tairi ya pikipiki huku amemkalisha mtoto kwenye paja.

Alasiri tulifika Kolwezi, dereva akatafuta mafuta, nami nikakimbia mtaani. Nusu ya nyumba zilikuwa zimehama. Chumba changu cha nyuma kilikuwa kimezama pembe moja, mlango umekaa mshazari. Chini hakugongwi tena. Mama alikuwa chumba cha mbele, juu ya godoro, chini ya lile bomba refu la kutundikia magauni ambalo sasa halikuwa na kitu. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu mweupe. Kadudu alikuwa kifuani.

“Papa wa barabara,” alisema kwa kusikia hatua zangu. “Unachoka?”

“Ninachoka, mama.”

Nilimpa karatasi. Aliinusa, akajua ni nini, akamega kidogo na kutafuna polepole kwa upande wenye meno. Nikamwambia imetoka Fungurume. Aliacha kutafuna.

“Bwana yake eko?”

“Eko. Anakamata mutoto.”

Akatafuna tena. Alikula chote, na makombo akayakusanya kwa kidole kilichoinuka na kurudi, kilichoinuka na kurudi, mpaka karatasi ikawa safi. Huko barabarani nikasikia honi. Ilikuwa ya lori letu. Nikasema mama, inabidi niende, wananingoja.

Alinyoosha mkono, akanishika, akakiweka kidole gumba changu chini ya mkia wa Kadudu. Kiliingia katika lile bonde lake, laini, la joto la mwili. Nikabonyeza. Mabawa yalifunguka.

“Inasema saa ngapi?” aliniuliza.

Miaka yote ile hakuna aliyewahi kuulizwa hivyo katika nyumba hii. Nikainama juu ya bega lake, nitazame kutoka upande wake.

“Saa nne kasoro kidogo.”

“Ya asubui ao ya usiku?”

“Haisemi, mama.”

“Basi tuseme ya asubui,” alisema, akafumba macho. “Iko mapema. Ikala.”

Nje malori ya Dilolo yalikuwa yanaanza kuwasha taa. Letu likapiga honi tena. Nikakaa.